Kabla ulaani rauta, angalia saa

Mimi nilikuwa mtu wa kulaumu intaneti kwa kila kitu. Hapa kwangu Nyalenda, Kisumu, jioni laini inatambaa, majirani wote wako kwa mpira na sinema, na stima ikipepesa kidogo tu rauta inaanza upya, basi kitu kikikataa najua ni nani.

Binamu yangu ana boti Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, anavua omena, na mimi ndio mtu wake wa upepo. Kila siku namchotea data ya GFS, utabiri wa hali ya hewa wa dunia nzima unaopigwa na kompyuta, kwa seva ya Wamarekani, ile NOMADS ya NOAA, shirika lao la bahari na hewa, halafu namtumia SMS. Sasa wiki mbili nzima, saa kumi na moja na nusu asubuhi, skripti yangu, kaprogramu ka kupakua, inanijibu 404. Nikapigia watu wa intaneti, wakaniambia kile wanaambia kila mtu, zima rauta uwashe. Nikazima, nikawasha, 404. Kumbe hiyo 404 maana yake seva imekusikia vizuri kabisa, ni vile tu faili unayoitisha haiko.

Na kweli haikuwa. GFS inaendeshwa mara nne kwa siku, 00, 06, 12 na 18 za UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa masaa matatu. Hiyo 00 kwetu ni saa tisa usiku, lakini lazima mashine zipige hesabu kwanza, faili za kwanza zinatokea kama masaa matatu na nusu baadaye, yaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi hivi. Nilikuwa naitisha chai na jiko halijawashwa. (Halafu hiyo 06 yao si saa sita yetu, ni saa tatu asubuhi, ingawa kwa bahati faili yenyewe inaanza kufika saa sita na nusu mchana!) Siku hizi nachukua hiyo, saa saba, watu wako kazini, laini ina nafasi, na binamu anatoka jioni na taa zake.

Kosa lingine lilikuwa ulafi. Nilikuwa navuta dunia nzima, kama megabaiti 500 kwa kila saa moja ya utabiri, upepo wa Siberia na joto la Peru kwa bando yangu, ikikatika katikati imeenda. Na kichujio cha kukata kipande unachotaka kiko pale pale kwa seva. Naweka latitudo 3 kusini hadi 1 kaskazini, longitudo 31 hadi 35 mashariki, upepo wa mita 10 peke yake, inashuka kilobaiti chache.

Hata hivyo usiiamini hivi hivi, angalia mkia. Kila ujumbe wa GRIB, muundo wa hizo faili, unaisha na 7777, ukikosa hizo saba nne ujue imekatikia njiani. Siku moja nilifungua nikapata ukurasa wa makosa umevaa jina la faili, na skripti ilikuwa imeandika "sawa". Na ukikosa ngoja dakika kumi, usigonge bila kupumzika, unaweza kufungiwa.

Kinachoniudhi zaidi ni tovuti za hali ya hewa zenye ramani za rangi ishirini zinazunguka, bando inaisha kabla uone namba. Mvuvi anataka upepo unatoka wapi, nguvu gani, saa ngapi. SMS moja inatosha.

Lakini GFS inagawa ramani kwa viboksi, kimoja ni kama kilomita 28 kila upande, na Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa hapa kwetu, kuna mahali ni nyembamba kuliko hapo. Juzi nikatuma "upepo kidogo", binamu akapiga: "Omera, maji ya huku imebadilika rangi, leo siendi." Na namba zangu je? "Weka, utanitumia kesho."