Mapovu ya Bwawa la Kwanza

Ukisimama saa saba mchana kando ya bwawa la kwanza la kutibu majitaka, pale ambapo magari ya kunyonya humwaga mzigo wake, utaona jambo ambalo wapita njia hulichukulia kuwa uchafu tu. Ukoko mweusi umetanda juu ya maji, yangeyange wanatembea juu yake bila kuzama, na kila baada ya muda mfupi povu linachomoza, linavimba hadi kufikia ukubwa wa ngumi, kisha linapasuka. Nimeyatazama mapovu hayo mara nyingi, na kila mara nimeondoka na uchungu uleule, kwa sababu ndani yake mna methani, gesi ambayo kwa kipimo cha miaka 100 ina nguvu ya kupasha joto dunia takriban mara 28 kuliko kaboni dioksaidi, na ambayo ingeweza kuwasha taa.

Naamini kwamba sisi wa Afrika Mashariki, tunapozungumzia majitaka na mabadiliko ya tabianchi, tumezoea kuanza na hesabu ya watu wengine. Mitambo mingi ya Ulaya hutumia njia ya tope hai, iliyobuniwa na Edward Ardern na William Lockett huko Manchester mwaka 1914, ambapo bakteria hupuliziwa hewa kwa mashine usiku na mchana ili wale uchafu. Kazi hiyo ya kupuliza hewa mara nyingi humeza nusu ya umeme wote wa mtambo au zaidi, na umeme huo ukitokana na makaa ya mawe au gesi, ni sahihi kabisa mhandisi wa huko aanze kwa kupunguza umeme. Lakini umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutokana na jotoardhi, maji na upepo, wa Uganda hutokana zaidi na maji ya Mto Nile, na Tanzania sasa ina Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Kwetu sisi, hesabu ya gesijoto za majitaka inapaswa kuanzia kwenye yale mapovu.

Na hesabu yenyewe si ngumu. Uchafu wa majitaka hupimwa kwa kiasi cha oksijeni kinachohitajika ili uungue wote kikemia. Kilo moja kwa kipimo hicho, ikimeng'enywa na vijidudu mahali pasipo na hewa, huzaa hadi gramu 250 za methani. Zikiachwa zipae, ni sawa na kutoa kilo 7 za kaboni dioksaidi. Methani hiyohiyo ikikusanywa na kuchomwa kwenye jenereta, hutoa takriban uniti moja ya umeme, na kaboni dioksaidi inayobaki ni ile iliyonyonywa na mahindi na mpunga tuliokula, kwa hiyo haiongezi kitu kipya hewani.

Siyadharau mabwawa. Yanaondoa mayai ya minyoo majini vizuri, hayasimami umeme ukikatika, na fundi wa kawaida anaweza kuyatunza. Ndiyo maana Nairobi imeutegemea mfumo wa mabwawa ya Dandora kule Ruai kwa miongo mingi. Ninachokipinga ni kuliacha wazi bwawa la kwanza, lile lenye kina kirefu, ambako vijidudu vya methani hufanya kazi kubwa kuliko kwingine kote. Kulifunika kwa turubai zito la plastiki na kuivuta gesi kwa bomba ni kazi inayofahamika duniani kwa miaka mingi.

Kwa miji inayojenga upya ipo njia nyingine ninayoipenda zaidi, nayo ni tangi alilolibuni Gatze Lettinga na wenzake huko Wageningen, Uholanzi, katika miaka ya 1970. Majitaka huingia kwa chini na kupanda polepole kupitia tabaka la tope, na ndani ya tope hilo vijidudu hushikana vyenyewe vikawa punje nyeusi, ngumu kidogo, za ukubwa wa ulezi. Ukizishika mkononi ni vigumu kuamini kwamba kila punje ni mji mzima wa viumbe, wengine wakivunja mafuta na protini, wengine wakigeuza mabaki kuwa methani. Majitaka ya majumbani ya Uholanzi yalikuwa baridi mno kwa njia hiyo, hivyo ikajaribiwa Cali, Kolombia, katika miaka ya 1980, kisha ikaenea India na Brazili. Joto la Dar es Salaam na Mombasa, ambalo tunalilalamikia kila Februari, ndilo ambalo wenzetu wa nchi za baridi hulazimika kulinunua.

Ipo kasoro ambayo mtetezi mwaminifu hapaswi kuificha. Sehemu ya methani hubaki imeyeyuka ndani ya maji yanayotoka na hupaa baadaye yanapomwagika mtaroni, kwa hiyo lazima iondolewe kwanza na kukusanywa. Gesi yenyewe huja na hidrojeni salfaidi inayotafuna injini, ingawa kuipitisha kwenye vipande vya chuma chenye kutu hupunguza tatizo hilo.

Amonia, uchafu mwingine wenye nitrojeni uliomo ndani ya majitaka, ina habari yake. Bakteria wa anamoksi, waliogunduliwa Delft, Uholanzi, katika miaka ya 1990, huigeuza kuwa nitrojeni ya kawaida kwa hewa pungufu kwa takriban asilimia 60 kuliko njia iliyozoeleka, na mtambo wao wa kwanza mkubwa ulianza kazi Rotterdam mwaka 2002. Wanapenda joto, lakini huongezeka polepole, kiasi cha kuhitaji siku 11 hivi ili wawe maradufu. Kwetu nafasi yao ni kwenye maji mazito yanayokamuliwa kutoka kwenye tope, pale ambapo matangi ya kumeng'enya tope yapo tayari, kama kule Bugolobi, Kampala.

Kwa hiyo halmashauri inapoandaa zabuni ya mtambo wa majitaka, ningependa isiishie kuuliza maji yatatoka safi kiasi gani. Iulize pia methani itakusanywa wapi, nani atakagua turubai na mabomba kila mwezi, na mita ya gesi itasomwa na nani, kisha majibu hayo yaandikwe ndani ya mkataba kabla ya mkandarasi kuchimba shimo la kwanza.