Jibu Sahihi kwa Njia Mbovu: Alama za Somo la Fedha Zinapima Nini?

Wahadhiri wawili wa somo la fedha wanaweza kusahihisha karatasi ileile, mmoja akatoa alama 17 kati ya 20 na mwenzake akatoa 9, na ukiwasikiliza wote wawili unaona wana hoja. Somo lenyewe ndilo linalowagombanisha. Kwa sura ni hesabu, na hesabu mtu hutarajia iwe na jibu moja. Kwa ndani ni uamuzi uliojengwa juu ya makisio, na hapo jibu moja halipatikani kirahisi.

Chukua zoezi la kawaida kabisa. Kampuni inafikiria mradi unaohitaji milioni 1 leo na utakaoingiza 400,000 kila mwisho wa mwaka kwa miaka 3. Asilimia 60 ya mtaji wake imetoka kwa wenyehisa, ambao wanataka faida ya asilimia 12. Asilimia 40 ni mkopo wenye riba ya asilimia 10, na kodi ya mapato ni asilimia 30. Riba ikishapata nafuu ya kodi inabaki asilimia 7, hivyo wastani wa gharama ya mtaji unatoka asilimia 10 kamili. Fedha ya kesho ina thamani ndogo kuliko ya leo, na ikipunguzwa kwa kiwango hicho kwa kila mwaka wa kusubiri, mapato yote ya mradi yana thamani ya 994,741 leo. Ukitoa milioni 1, thamani halisi ya sasa ni hasi 5,259, kwa hiyo mradi ukataliwe. Tena mtungaji ametega mtego: ametaja kwamba mwaka jana kampuni ilitumia 50,000 kwa utafiti wa soko.

Mwanafunzi wa kwanza anageuza uzito. Mkopo anaupa asilimia 60 na wenyehisa 40, gharama ya mtaji inamtokea asilimia 9. Mengine yote anayafanya vizuri, ule mtego anauruka, anapata chanya 12,518 na kushauri mradi ukubaliwe. Wa pili anapata asilimia 10 bila shida, lakini anazihesabu na zile 50,000 ambazo zimeshatumika na hazirudi hata mradi ukifutwa. Anapata hasi 55,259 na kushauri mradi ukataliwe.

Msahihishaji anayetazama jibu la mwisho atampa wa pili alama za uamuzi na kumnyima wa kwanza. Anayefuata hatua atafanya kinyume: wa kwanza atapoteza alama 1 au 2 pale alipogeuza uzito, kisha atahesabiwa haki kwa kila hatua iliyofuata kwa usahihi, hata kama namba zake zimebeba kosa la mwanzo. Wa pili ataadhibiwa kwa kutoelewa jambo ambalo ni msingi wa somo zima.

Wanaotetea jibu la mwisho si watu wakali tu. Mwaka 2012 benki ya JPMorgan Chase ilipoteza zaidi ya dola bilioni 6 katika biashara zilizofanywa na ofisi yake ya London. Ripoti ya benki yenyewe, iliyotolewa mwaka 2013, ilieleza kwamba modeli ya kukadiria hatari iliendeshwa kwa lahajedwali (majedwali ya hesabu ya kompyuta, kama Excel) ambazo takwimu zake zilikuwa zikinakiliwa kwa mkono, na kwamba kanuni moja iligawanya kwa jumla ya viwango viwili badala ya wastani wake, hivyo hatari ikaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Hicho hakikuwa chanzo pekee cha hasara, lakini ni kosa la aina ileile ya kugeuza uzito. Mhadhiri wa upande huu atakuuliza: huyu unayempa 17 leo, kesho utamkabidhi fedha za nani?

Swali zuri, ila linasahau jinsi kazi inavyofanyika ofisini. Hesabu ya uwekezaji hupitia mikono kadhaa kabla ya kutiwa saini, na kosa la uzito ni la kuonekana: mtu wa pili akirudia mstari mmoja analigundua. Hata kwa JPMorgan, ripoti ililaumu pia uhakiki hafifu uliofanyika kabla ya modeli kuanza kutumika. Kosa la mwanafunzi wa pili halikamatwi kirahisi hivyo, kwa kuwa hesabu yake imejumlishwa vizuri na uamuzi wake unafanana na wa waliopatia. Atalirudia katika kila mradi mpaka siku moja akatae mradi mzuri kwa sababu ya fedha zilizokwisha kwenda. Mimi nipo upande wa wanaofuata hatua, na si kwa huruma.

Lakini nao mwongozo wao wa usahihishaji una upofu wake. Mradi ule unakubalika kwa asilimia 9 na kukataliwa kwa asilimia 10. Mpaka wenyewe uko karibu na asilimia 9.7. Mwanafunzi wa tatu, akipata hasi 5,259 kisha akaandika kwamba kiasi hicho ni kidogo mno kutegemewa, kwamba mapato ya mwaka wa tatu yakizidi makisio kwa 7,000 na ushei tu uamuzi unapinduka, basi huyo ameelewa fedha kuliko wote wawili. Miongozo mingi haina mahali pa kumweka. Anapata 20 sawa na aliyekariri kanuni, au anapata 19 kwa kuwa hakuandika neno “ukataliwe” kwa wino mzito.

Kazi za kikundi ni shida nyingine, na hapa sitazunguka: alama moja kwa watu watano ni alama isiyojulikana ni ya nani. Mhandisi wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alichapisha mwaka 1913 matokeo ya vipimo vya watu kuvuta kamba, na kadiri watu walivyoongezeka ndivyo nguvu ya kila mmoja ilivyopungua. Sehemu yake ilitokana na kutovuta kwa mpigo mmoja, lakini kutegea nako kumo, na kila aliyesoma shule ya biashara anamjua mtegeaji wa kikundi chake kwa jina. Watetezi wanasema kampuni nazo hufanya kazi kwa vikundi, na mwanafunzi ajifunze kuishi na watu. Sawa, ila kampuni ina bosi anayeweza kumwondoa mtegeaji. Kikundi cha darasani hakina. Kuwaambia wanafunzi wapeane alama wao kwa wao kunasaidia kidogo, mpaka marafiki wanapokubaliana wapeane zote. Dakika kumi za mhadhiri kumwuliza kila mmoja “hii asilimia 10 umeitoa wapi?” hufichua zaidi, na kwa darasa la watu 200 dakika hizo hazipatikani.

Tangu programu za akili unde ziweze kuandika ripoti nzima yenye majedwali na hitimisho, swali hilo la mdomo limekuwa na uzito zaidi. Baadhi ya walimu wameamua kupunguza uzito wa kazi za nyumbani na kuurudisha kwenye mtihani wa darasani. Naelewa sababu. Lakini mtihani wa saa 3 hauwezi kumpima mtu anayejenga modeli, kuiacha usiku, na kugundua asubuhi kuwa safu moja imerukwa.

Ipo njia moja ambayo naona haitumiwi vya kutosha. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alipewa zoezi la darasani la kurudia hesabu za utafiti uliokwisha chapishwa. Alichagua ule wa wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff wa mwaka 2010 kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi. Namba zilikataa. Alipopata lahajedwali yao aliona kanuni ya wastani imeziacha nje nchi tano. Mwaka 2013, pamoja na walimu wake, alionyesha, baada ya kuhesabu na mambo mengine waliyoyapinga, kwamba wastani wa ukuaji kwa nchi zenye deni la zaidi ya asilimia 90 ya pato la taifa ulikuwa asilimia 2.2, siyo hasi 0.1 kama utafiti ulivyosema.

Zoezi la namna hiyo linaweza kuletwa kwenye darasa la fedha: mpe mwanafunzi modeli iliyokamilika yenye makosa yaliyopandwa, mengine ya namba na mengine ya dhana, umpe alama kwa anayoyapata na kwa anavyoeleza lipi linabadili uamuzi na lipi halibadili. Hapo jibu na njia vinapimwa pamoja. Gharama yake inamwangukia mhadhiri, kwani orodha ya makosa ya muhula huu itakuwa kwenye simu za wanafunzi wa muhula ujao, na modeli itabidi ivunjwe upya kila mara.