Upungufu wa Jirani Hufika Nyumbani kwa Sekunde

Mwanzoni mwa mwaka 2018, saa nyingi za kando ya kitanda barani Ulaya zilichelewa kidogo kidogo hadi zikawa nyuma kwa karibu dakika sita, ingawa hakuna iliyoharibika. Saa hizo huhesabu mizunguko ya umeme, inayotakiwa kuwa 50 kwa sekunde. Lakini kwa wiki kadhaa wastani wake ulikuwa 49.996, kwa sababu eneo la Serbia na Kosovo lilikuwa na pengo la umeme ambalo mzozo wa pande hizo mbili uliliacha bila kuzibwa. Saa ya mtu aliyelala Hispania ilichelewa kwa ugomvi asioujua.

Nakikumbuka kisa hiki kila ninaposikia kwamba kuunganisha gridi (mitandao ya umeme) za nchi jirani kunatosha kuupokea umeme wa jua na upepo. Kuunganisha kuna faida kubwa, kwani upepo ukitulia huku huenda ukawa unavuma kule. Hata hivyo, gridi zilizounganishwa zina masafa yale yale, yaani idadi ile ile ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, na upungufu wa mmoja huwafikia wote. Ndiyo maana kila eneo hupimwa kwa mambo mawili kwa pamoja, yaani masafa yamepotoka kiasi gani, na umeme unaovuka mpaka umetofautiana kiasi gani na ule uliokubaliwa, ili eneo lenye kosa lijulikane na lijirekebishe.

Jua na upepo vimeufupisha muda wa kujirekebisha. Mtambo mmoja unapozimika, rota nzito (sehemu zinazozunguka) za mitambo ya maji na ya mvuke huendelea kuzunguka na kuyazuia masafa yasiporomoke ghafla. Paneli ya jua haina kinachozunguka. Uingereza, tarehe 9 Agosti 2019, baada ya radi kupiga, mitambo ya upepo ya baharini na kituo cha gesi vilipunguza uzalishaji karibu kwa wakati mmoja, masafa yakashuka hadi hezi 48.8 (mizunguko 48.8 kwa sekunde), na takriban wateja milioni moja wakakatiwa umeme.

Betri huweza kujibu kabla ya sekunde moja kwisha, na kwa maoni yangu uwezo huo uwe sharti la kuunganishwa kwa kila mtambo mkubwa wa jua au upepo. Wawekezaji watalalamikia gharama, na wana haki. Basi walipwe kwa akiba ya umeme wanayoitunza, hata inapotumiwa na nchi jirani. Tena, akiba iliyo ng'ambo ya laini ya umeme iliyokwisha kujaa haimfikii anayeihitaji, kwa hiyo mikataba itaje mapema ni megawati ngapi za laini za mpakani zitaachwa wazi.