Saruji ikigoma kushuka: kompyuta au kipimo?

Ngano inayoshushwa bandari ya Kilindini, kama saruji na klinka (madonge yanayosagwa kuwa saruji), haifiki mbali kabla ya kupita kwenye hopa, lile pipa la chuma lenye tumbo pana juu na mdomo mwembamba chini. Ukiona ubavu wa hopa umejaa mabonde ya nyundo za kugongea mzigo uliokwama, jua kuna mtu alikosea hesabu ya umbo lake na vijana wa zamu ndio wanaolipa. Wahandisi hawakubaliani hesabu hiyo ifanywe vipi.

Punje hazina tabia ya maji. Tangi likijaa, maji hutoka kwa nguvu zaidi. Ngano hutoka kwa kasi ileile, kina kiwe mita 3 au 10. Mtafiti Beverloo na wenzake walionyesha mwaka 1961 kwamba kinachoamua ni upana wa mdomo: uongeze maradufu, mtiririko unazidi mara 5. Kanuni hiyo fupi inatosha kwa nafaka kavu, ila haikwambii ni wapi ndani ya hopa ngano imesimama ikianza kuota ukungu.

Hapo ndipo watu wa kompyuta wanapopata hoja. Kwa njia ya watafiti Cundall na Strack ya mwaka 1979, kila punje hukokotolewa peke yake: inagusa nani, inasukumwa kwa nguvu gani. Unaona sehemu zilizolala, na unaweza kuusogeza mdomo pembeni bila kukata chuma. Lakini punje ya ngano ina takriban miligramu 40, kwa hiyo tani moja ni punje milioni 25. Basi wanazikuza punje, au wanachukua kipande tu cha hopa, kisha wanarekebisha msuguano mpaka picha ifanane na rundo halisi. Hilo la mwisho linanitia shaka. Kwa saruji, ambayo chembe zake hazionekani kwa macho, hata ujanja huo hauendi mbali.

Mhandisi Jenike, katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, aliachana na punje kabisa: alipima mzigo wenyewe. Kwa utaratibu aliouchapisha mwaka 1964, unga unagandamizwa, unakatwa kwa kusukumwa ubavuni, na matokeo yanakupa mwinuko wa kuta na mdomo usioweza kuzibwa na tao, yaani unga ulioshikana kama daraja juu yake. Ubaya wake ni woga: hopa hutoka ndefu na ya gharama. Pia sampuli iliyopimwa kavu kwenye chumba chenye kiyoyozi si saruji iliyolala siku 2 katika unyevu wa masika ya Mombasa, ingawa njia yenyewe inaruhusu kuulaza unga chini ya mzigo kabla ya kuupima.

Kwa saruji, mimi pesa yangu naiweka kwenye kipimo. Kwa ngano na mahindi kompyuta inastahili malipo yake, hasa hopa ikiwa tayari imejengwa na inasumbua. Muuzaji akikuletea video ya vitufe vya rangi vikishuka vizuri, muulize namba za msuguano alizitoa kwenye mzigo gani, na siku hiyo hewa ilikuwa na unyevu kiasi gani.