Mwiko wa Saba na Adabu za Meza ya Dadu

Ndani ya kasino sidhani kama kuna meza inayowaunganisha watu wasiojuana kama meza ya dadu. Katika mchezo wa krapsi mtu mmoja hushika dadu mbili, na wengi waliozunguka meza huwa wamekwisha kuutegemea mkono wake kwa fedha zao. Akifaulu, hulipwa pamoja. Akishindwa, madau yao huzolewa kwa mkupuo mmoja. Haishangazi, basi, kwamba wachezaji wamejiwekea miiko, wala haishangazi kwamba mgeni asiyeijua hutazamwa kwa jicho baya. Msimamo wangu ni kwamba miiko mingi ya meza hiyo inastahili kuheshimiwa hata na mtu asiyeiamini hata chembe, lakini desturi ya kumtafuta mchawi kila saba inapotoka haistahili heshima yoyote.

Saba ndiyo kiini cha hofu zote. Dadu mbili zinaweza kuanguka kwa namna 36, na kati ya hizo sita huleta saba, idadi kubwa kuliko ya jumla nyingine yoyote. Katika mrusho wa kwanza, saba au 11 huwapa ushindi walioweka dau kwenye mstari wa kupita, yaani wanaotarajia mrushaji afaulu, ilhali 2, 3 na 12 huwaondolea dau lao. Ikitoka 4, 5, 6, 8, 9 au 10, namba hiyo hugeuka kuwa pointi, na tangu hapo mrushaji hutakiwa kuirudia kabla saba haijatoka. Hivyo saba iliyopokewa kwa vifijo muda mfupi uliopita sasa imekuwa nuksi, na hakuna anayetarajiwa kuitamka kwa sauti mpaka mzunguko uishe. Najua wapo wanaoucheka mwiko huu. Mimi sioni sababu ya kuucheka, kwa kuwa kunyamaza hakumgharimu mtu chochote, na jirani yako aliyeweka fedha yake ya wiki nzima mezani ana haki ya kutochokozwa.

Miiko mingine imeshikamana na kanuni halisi za mchezo kiasi kwamba ni vigumu kusema kanuni inaishia wapi na hofu inaanzia wapi. Mrushaji hutumia mkono mmoja tu, kwa sababu mikono miwili ingerahisisha kubadilisha dadu halali kwa dadu za hila. Dadu hutakiwa zigonge ukuta wa upande wa pili wa meza, ambao umefunikwa mpira wenye vipembe vidogo vya kuzirudisha bila mpango, ili mtu asiweze kuzitelezesha taratibu zikaanguka alivyokusudia. Kwa hiyo mchezaji aliyeacha mkono wake ukining'inia ndani ya meza wakati dadu zinaruka anaharibu utaratibu. Hapo hapo wazoefu huongeza imani yao, kwamba dadu ikigusa mkono wa mtu, saba inafuata. Vivyo hivyo, mgeni anayetaka kubadilisha fedha kwa chipu, vile vidude vinavyotumika mezani badala ya fedha, anapaswa kusubiri mrushaji asiwe na dadu mkononi, kisha aiweke fedha juu ya kitambaa, maana mhudumu haipokei mkononi. Kumsimamisha mrushaji katikati ni kuuchelewesha mchezo, na kwa wengi ni kuikata bahati yake.

Tazama kinachotokea dadu moja inaporuka nje ya meza. Kelele hukatika. Mhudumu huinama kuitafuta sakafuni, kisha humkabidhi msimamizi aliyeketi katikati, naye huigeuzageuza kati ya vidole, akikagua alama ya kasino na namba iliyochapwa juu yake ili kuthibitisha kwamba iliyorudi ni ile ile iliyotoka. Wakati huo mrushaji hupaza sauti akidai arudishiwe dadu zile zile, kana kwamba dadu mpya zingekuja na mkosi wake. Wengine huomba madau yao yasimamishwe kwa mrusho mmoja, wakiamini kwamba dadu iliyoanguka hurudi na saba. Lakini dadu haina kumbukumbu: uwezekano wa saba katika mrusho unaofuata ni mmoja kwa sita, kama ulivyokuwa kabla ya kuanguka. Hata hivyo sioni ubaya wowote kwa mchezaji kuutumia muda huo kupumua na kupunguza dau lake.

Mwaka 1967 mwanasosholojia James Henslin alichapisha utafiti wake juu ya madereva wa teksi wa St. Louis, Marekani, waliokuwa wakicheza dadu. Aliona kwamba waliotaka namba ndogo walirusha polepole, na waliotaka namba kubwa walirusha kwa nguvu. Nadhani hapo ndipo chimbuko la mengi yanayofanywa mezani. Mtu aliyekabidhiwa jambo asiloweza kuliongoza hutafuta pa kulishikia, iwe ni kuzipanga dadu kwa namna fulani kabla ya kuzirusha, kuzipuliza, au kukataa kusimama upande fulani wa meza.

Kumbukumbu za ushindi mkubwa nazo huzilisha imani hizi. Kwa wastani mrushaji hurusha mara nane na nusu hivi kabla ya kupoteza dadu kwa saba kutoka kabla ya pointi. Mei 1989, katika California Hotel ya Las Vegas, Stanley Fujitake alizishika kwa saa tatu na dakika sita, akarusha mara 118, na hoteli ikaanzisha klabu ya heshima ya mkono wa dhahabu kwa ajili ya watu wa aina yake. Mwaka 2009 mwanamke mmoja alirusha mara 154 katika kasino ya Borgata ya Atlantic City. Matukio kama haya yanapozidi kusimuliwa, ile imani ya kwamba mwanamke anayerusha kwa mara ya kwanza ana mkono wa heri, na mwanamume mgeni ana kisirani, hupata nguvu. Mimi imani hiyo naikataa kabisa, kwa sababu humhukumu mtu hata kabla hajagusa dadu.

Anayeonewa zaidi ni mchezaji wa upande wa pili, yule anayeweka dau kwenye mstari wa kutopita, akitarajia saba itoke kabla ya pointi. Wengi humwona kama mtu anayewaombea wenzake mabaya. Kwa hesabu, faida ya kasino dhidi yake ni asilimia 1.36, na dhidi ya walio kwenye mstari wa kupita ni asilimia 1.41, tofauti ni ndogo sana, na hakuna hata senti anayoichukua kutoka kwa jirani yake, kwa maana anayelipa na anayechukua ni kasino. Adabu inamtaka asishangilie wengine wanapoumia, na hilo ni haki. Lakini adabu hiyo hiyo inawataka wengine wasimsute.

Wakati watu wanashughulika kumkazia macho mgeni, kasino inaendelea kupokea madau ya wanaoamini kwamba saba "imekaribia". Dau la kwamba mrusho unaofuata utaleta saba hulipa nne kwa moja, na humpa mwenye kasino faida ya asilimia 16.67. Hofu ile ile inayomfanya mtu amkaripie jirani kwa kugusa dadu ndiyo inayompeleka kwenye dau hilo.

Ninachokitaka kutoka kwa wasimamizi wa meza ni kidogo, na kimo ndani ya uwezo wao. Dadu ikigonga mkono wa mgeni na saba ikatoka, watangaze matokeo, waondoe madau, na kumweleza mgeni kwa upole mahali pa kuweka mikono yake wakati dadu zinaruka. Na mchezaji anayeanza kumtukana mgeni huyo aambiwe, mbele ya wote, kwamba akiendelea ataondolewa mezani, hata kama ndiye mwenye dau kubwa kuliko wote usiku huo.