Oili ya Maisha, Maisha ya Nani?

Kitabu cha gari langu kinasema oili ya giaboksi ni ya maisha, haibadilishwi. Nimekiamini miaka yote, maana ni ushauri pekee kuhusu gari ambao haujawahi kunitoa senti. Juzijuzi gari likaanza kunisukuma mgongoni kila likiingia gia ya tatu, kama mtu aliyechoka kusubiri nyuma yangu kwenye foleni. Nikauliza-uliza. Kumbe maisha yanayosemwa si yangu. Ni maisha ya gari kwa hesabu ya aliyelitengeneza, na hesabu ya huyo haiendi mbali sana baada ya waranti kwisha. Mafundi wengi wanakwambia ukifika kilomita 60,000 mpaka 100,000, badilisha. Langu liko 140,000 na oili ileile liliyozaliwa nayo.

Nikasema, kwani si oili tu? Ya injini namwaga mwenyewe kila siku. Unafungua boliti inatoka, unafunga, unamimina nyingine, unanawa. Jumamosi saa mbili asubuhi nikalipandisha gari juu ya stendi nne, likakaa sawa kama meza, nikajilaza chali chini yake na beseni. Mama watoto akauliza beseni lile ni lipi. Nikajifanya sijasikia.

Boliti ya chini ikafunguka kirahisi mno. Ningekuwa na akili ningeogopa hapohapo. Oili inayotakiwa kuwa nyekundu ikatoka na rangi ya mti mkavu, inanuka kama kitu kilichoungua halafu kikafichwa. Nimelala naitazama kwa raha, mara naona kandambili mbili ubavuni mwa gari. Mzee jirani. Huyu mzee kwa kazi za watu ana utaratibu wake: anafika mapema, anasimama karibu, na mikono yake haitoki mfukoni.

"Shikamoo mzee," nikasema nikiwa chali. Sijui kama shikamoo ya chali inahesabika.

"Marahaba. Unamwaga ya giaboksi?"

"Ndiyo, mzee."

"Ya juu ulishaifungua?"

"Ya juu ipi?"

Kandambili zikanyamaza.

Giaboksi yangu haina kijiti cha kupimia wala mdomo wa kumiminia. Oili inaingizwa kwa tundu la ubavuni, na tundu hilo lina boliti yake. Boliti hiyo ndiyo ya kulegeza kwanza, kabla hujagusa ya chini, kwa sababu ikikugomea oili yako bado imo ndani, unawasha gari unakwenda kwa fundi na heshima zako. Mimi nilikuwa na giaboksi tupu, gari juu ya stendi, na boliti ya juu ambayo haijaguswa tangu itoke kiwandani.

Ikagoma. Imekaa mahali ambapo mkono unapita ukiwa umenyooka lakini ukitaka kuukunja unagusa bomba la ekzosti. Ukisukuma spana kwa nguvu, inateleza, unapiga ngumi chuma. Ukiivuta, kiwiko kinapiga chuma kingine. Nikapulizia dawa ya kutu, nikangoja. Nikaigonga kichwani kwa nyundo taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mbwa. Nikachomeka kipande cha bomba kwenye mkono wa spana ili kuurefusha. Saa saba mchana ikatoa mlio mmoja tu, ko! Kwa sekunde nzima sikujua kama ni boliti au ni kidole changu.

"Imekubali," mzee akasema, kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi.

Sampu, ile trei ya chini ya giaboksi, nayo nikaishusha, nikabadilisha filta na gasketi. Ndani yake kuna sumaku za kunasa unga wa chuma, na zangu zilikuwa zimepakwa kitu laini cheusi, mfano wa wanja. Nikataka kulia. Mzee akaniambia unga laini ni usagikaji wa kawaida, ya kuogopa ni vipande vya chuma. Hapo nilimpenda kidogo.

Oili yenyewe usiende kununua kwa mazoea. Kila jina ni aina yake: Dexron si Mercon, Mercon si WS, na gari la CVT, yaani lile lisilo na gia za hatua, lina yake kabisa. Ukikosea, giaboksi itakuadhibu polepole. Na usidhani zamani mambo yalikuwa rahisi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani oili hii ilikuwa inatiwa mafuta ya nyangumi. Yaani kuna mnyama alikuwa akiogelea zake baharini, akaishia kulainisha gia za watu.

Iliyotoka nikaipima, lita 4. Nikapampu lita 4 mpya. Kumbe hapo hujamaliza. Kipimo cha mwisho kinafanywa injini ikiwa inawaka, oili imepata joto la nyuzi 40 hivi, na gia zimepitishwa zote moja moja. Ndipo unafungua tundu la kupimia kule chini, ya ziada inatiririka, na ikibaki kamba nyembamba tu unafunga. Nikamwita mama watoto akae kwenye usukani.

"Kanyaga breki, weka R."

"Nimeweka."

"Sasa D."

"Baba Neema, mbona matairi yanazunguka?"

"Breki! Si nimesema kanyaga breki?"

"Nilikanyaga ya R. Ya D hukusema."

Tulipokubaliana kuhusu breki akarudisha P, nikaingia uvunguni. Nikafungua. Haikuja kamba nyembamba, ilikuja nyekundu, kwenye shingo, kifuani, mpaka sikioni. Nilipojivuta nje mtoto aliniangalia mara moja tu, akakimbilia ndani akipiga kelele kwamba gari limemchinja baba.

Nimejipangusa, nimefunga kila kitu, nimelishusha gari, jua limezama. Mzee bado yupo.

"Umetoa lita ngapi?"

"Nne, mzee."

"Kwenye ngapi?"

Nikafungua kitabu. Nane. Nusu ya ile ya zamani imebaki kwenye tokikonveta, kile kiungo cha injini na giaboksi, na kwenye mabomba yake, haishuki hata ukiibembeleza. Ndani ya giaboksi yangu sasa kuna mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Nikirudia, mpya inakuwa robo tatu. Nikirudia tena, saba ya nane. Kwa hesabu hii siku ya kuimaliza kabisa ile ya zamani haipo, na mzee akanieleza hivyo taratibu, huku akinihurumia.

Jioni hiyo tukalizungusha gari. Gia ya tatu ikaingia kimyakimya, bila kunigusa mgongo. Nikamgeukia mama watoto nisifiwe. Akauliza beseni lake liko wapi.

Tulivyorudi, kandambili zilikuwa getini.

"Linaendaje?"

"Safi, mzee. Halisukumi tena."

Akatikisa kichwa, akaridhika. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa, mkono wake wa kulia ukatoka mfukoni. Ulikuwa umeshika ufunguo wa gari lake.

"Jumamosi ijayo una kazi gani?"