Mama mkubwa na ile taa nyekundu

Juzi nimeenda Tanga kumsalimia mama mkubwa nikamkuta kakaa kitandani, taa nyekundu kaielekeza usoni, macho kayatoa wazi kabisa! Shikamoo hata haijaitikiwa nauliza hii nini tena, ananiambia ndo dawa hiyo mwanangu, dada yako kaniagizia mtandaoni, inarudisha macho. Mama mkubwa ana ile shida ya uzee inayokula katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, aina kavu. Pembeni anaona vizuri tu, ukiingia mlangoni anajua kuna mtu kaingia ila sura haipati, na kwenye msahafu neno analolitazama ndo hilo hilo linalofutika. Kwa hiyo yeye sikumlaumu hata kidogo.

Hasira zangu ni kwa muuzaji, maana tangazo lake limeokota ukweli wa watu likaugeuza. Tiba ya mwanga ipo, mashine yake inaitwa Valeda na Novemba 2024 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, waliiruhusu kwa hiyo hiyo aina kavu. Inamulika mwanga wa aina tatu, njano ya nanomita 590, nyekundu ya 660 na ule wa 850 ambao macho hata hayauoni, wazo ni kwamba zile mitokondria zinazozipa seli za retina nguvu zimechoka na uzee, mwanga unaziamsha. Unakaa mbele ya mashine kliniki dakika chache, mara 9 ndani ya wiki 3 mpaka 5, ikipita miezi minne unarudi tena. Sasa hiyo na taa ya kulainisha ngozi ya uso wapi na wapi jamani?

Na hata hiyo mashine yenyewe mi naona watu wanaipamba mno. Utafiti wake mkubwa, LIGHTSITE III, ulikuwa na watu 100 tu, wengine wakamulikwa kweli na wengine kimagumashi bila wao kujua, na baada ya miezi 13 waliomulikwa kweli waliongeza kama herufi 5.4 kwenye chati ya kupimia macho, yaani mstari mmoja. Tamu ukiishia hapo. Ila wale wa kimagumashi nao waliongeza 3! Labda chati ukiisoma sana unaizoea, labda matumaini tu, vyovyote vile tofauti inayobaki ni herufi 2.4, nusu mstari. Halafu waliochukuliwa ni ambao katikati ya jicho bado hapajafa, wa hatua ya mama mkubwa wasingepokelewa.

Siidharau, nusu mstari kwa mtu anayesoma bado ni kitu. Ila kwetu mi ningeanza na karatasi ya miraba ya bure, unaziba jicho moja unatazama nukta ya katikati, mistari ikianza kupinda ghafla unakimbia hospitali, kwa sababu aina kavu inaweza kugeuka ya majimaji, mishipa mibovu ikavuja chini ya retina, na huko sindano za jichoni zipo na zinasaidia ukiwahi.

Karatasi nimeibandika kwenye friji kwa mama mkubwa. Taa hajakubali kuitupa, ameihamishia koridoni, inamsaidia akiamka usiku kwenda chooni.